Kulipiwa si kusamehewa: kodi ya mauzo kwenye bidhaa ya bure

Kuponi ya karatasi inazidi kuadimika Marekani. Ile iliyokuwa ikikatwa kwa mkasi kutoka gazeti la Jumapili imehamia kwenye simu: mteja anafungua programu ya duka, anagusa ofa anayoitaka, akifika kaunta anaingiza namba yake ya simu, na bei inashuka yenyewe. Uhamisho huo umeleta urahisi, lakini pia umekuza sintofahamu ya siku nyingi. Risiti inaonyesha shampuu ya dola 5.99. Mstari wa pili unaonyesha kuponi iliyoondoa dola zote 5.99. Chini kabisa inasomeka: kodi, senti 61. Mteja aliyeambiwa kwamba bidhaa ni ya bure anadaiwa kodi ya kitu ambacho yeye anakiona kina bei ya sifuri, na maelezo anayojipa huwa moja kati ya matatu: keshia kakosea, mashine ya duka ni mbovu, au jimbo linatoza kodi hewa.

Mara nyingi hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Kuponi iliyotolewa na mtengenezaji haishushi bei ya bidhaa, inailipa. Abiria aliyelipiwa nauli na rafiki yake na abiria aliyesamehewa nauli na konda wote hushuka kwenye daladala bila kutoa shilingi, lakini jioni, konda akihesabu, wa kwanza yumo kwenye makusanyo na wa pili hayumo. Katika majimbo mengi kodi ya mauzo inafuata hesabu ya konda, haifuati mfuko wa abiria. Kanuni hiyo ina mantiki na inaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kumtoza mnunuzi kwa kanuni inayotegemea nani kalipa, huku risiti na programu ya simu vikimficha ni nani huyo aliyelipa. Malalamiko mengi yanapigania senti 61 zenyewe, wakati kosa lenyewe liko kwenye maandishi ya risiti.

Marekani haina kodi ya mauzo ya taifa. Majimbo 45 pamoja na Wilaya ya Columbia hutoza kodi hiyo kila moja kwa sheria yake. Majimbo matano, yaani Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, hayana kodi hiyo katika ngazi ya jimbo. Juu ya kiwango cha jimbo, kaunti na miji huongeza chao. Ndiyo maana mteja wa Chicago hulipa asilimia 10.25, wa jiji la New York asilimia 8.875, na Texas jumla ya jimbo na mji haivuki asilimia 8.25. Bei iliyobandikwa kwenye rafu haina kodi ndani yake. Kodi huongezwa kaunta. Kwa aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam hili ni geni, kwa sababu kwetu Kodi ya Ongezeko la Thamani, iwe asilimia 16 ya Kenya au 18 ya Tanzania Bara, tayari imo ndani ya bei anayoiona mteja. Akipewa kitu bure, hakuna mstari wa kodi unaobaki ukining'inia peke yake. Anayefika Marekani anakutana na kodi iliyovuliwa nguo, na kuponi ndiyo inayomwonyesha jinsi ilivyosimama mbali na bei.

Safari ya kuponi yenyewe haieleweki vizuri pia. Kuponi ya mtengenezaji huandikwa wazi kwamba ni ya mtengenezaji, huwa na tarehe ya mwisho, na kwa maandishi madogo huwa na maelekezo kwa muuza duka: wapi aipeleke ili alipwe. Duka hukusanya kuponi na kuzituma, kwa kawaida kupitia kampuni za kati zinazozihesabu na kuzichambua, kisha mtengenezaji humlipa mwenye duka thamani ya kuponi pamoja na ada ndogo ya usumbufu, ambayo kwenye kuponi nyingi imeandikwa senti 8. Kuponi ya bidhaa ya bure ina kisanduku ambamo keshia hujaza bei ya rafu, na kikomo cha juu kimechapishwa pembeni. Kwa hiyo shampuu ile ya dola 5.99 haikutoka dukani bure hata kidogo. Duka limepokea dola 5.99, ila zimetoka kiwandani badala ya kutoka mkononi mwa mteja. Kuponi nyingi huonya kabisa kwamba kodi ya mauzo, pale inapotozwa, ni juu ya mnunuzi. Onyo hilo huandikwa kwa herufi ndogo mno kiasi kwamba halimsaidii mtu.

Kuponi ya duka ni kitu kingine. Hapo mwenye duka mwenyewe ameamua kupunguza faida yake ili akuvute, na hakuna anayemrudishia. Fedha iliyoingia kwenye droo ndiyo bei yote, na kodi inahesabiwa juu ya kilichobaki. Kikibaki sifuri, kodi ni sifuri. Zawadi ya siku ya kuzaliwa ambayo duka la vipodozi humpa mteja wake, au kuponi ya duka ya kuchukua sabuni bure, hupita kaunta bila senti ya kodi.

Tofauti hii haikubuniwa na keshia wala na mwandishi wa programu. Majimbo 24 yamejiunga katika mkataba wa kurahisisha kodi ya mauzo ulioanza kutumika Oktoba 2005, na mkataba huo unaeleza neno lenyewe la msingi, yaani bei ya mauzo. Punguzo ambalo muuzaji analitoa bila kulipwa na mtu wa tatu linatolewa kwenye hesabu ya kodi. Malipo yanayotoka kwa mtu wa tatu yanabaki ndani ya hesabu, iwapo muuzaji kweli ameyapokea, yanahusiana moja kwa moja na punguzo alilopata mteja, muuzaji anawajibika kumfikishia mteja punguzo hilo, na kiasi chake kinajulikana wakati wa mauzo. Kisha linaongezwa sharti la utambulisho: mteja awe ameonyesha kuponi au hati ya aina hiyo, au ajitambulishe kuwa mwanachama wa kundi lenye haki ya punguzo, au punguzo litajwe kwenye risiti au kwenye hati kuwa ni la mtu wa tatu. Sharti hilo la mwisho tutalirudia, maana ndilo linaloleta kasheshe. California, New York, Florida na Illinois hazimo kwenye mkataba huo, lakini kuhusu kuponi ya mtengenezaji zimefika palepale: kodi inahesabiwa juu ya bei nzima.

Si majimbo yote yanayokubaliana. Texas, Massachusetts na Connecticut huichukulia kuponi kuwa punguzo tu, iwe ya duka au ya kiwanda, na kodi hutozwa juu ya kilichobaki baada ya kuponi. Pennsylvania nayo huruhusu kuondoa thamani ya kuponi, ila inataka risiti ionyeshe bidhaa na kuponi inayohusika nayo. Matokeo yake shampuu ile ile na kuponi ile ile ya kiwanda hugharimu senti 61 Chicago, senti 53 jiji la New York, na hugharimu sifuri Dallas au Boston. Anayehama kutoka Texas kwenda Illinois na kukuta deni ambalo hakuwahi kulilipa hajaibiwa. Amevuka mpaka wa sheria.

Hesabu yenyewe ni nyepesi ukishajua nani anafidiwa. Chukua kiwango cha asilimia 8 na sabuni ya kufulia ya dola 12.99. Una kuponi ya duka ya dola 3 na kuponi ya mtengenezaji ya dola 2. Katika majimbo yanayofuata mkataba, toa kwanza ile ya duka: inabaki 9.99, na kodi yake ni senti 80. Halafu toa ile ya mtengenezaji kwenye kiasi cha kulipa, siyo kwenye kodi: inabaki 7.99. Unalipa dola 8.79. Katika jimbo lenye mtazamo wa Texas, kwa kiwango hicho hicho, kodi ingekuwa senti 64, na tofauti ya senti 16 ni asilimia 8 ya zile dola mbili za kiwanda, si zaidi. Kwa ofa ya kununua dawa ya meno moja ya dola 4.50 na kupata ya pili bure, duka likiwa ndilo mtoaji, kodi ni ya 4.50, yaani senti 36. Kuponi ikiwa ya mtengenezaji, bidhaa mbili zimeuzwa na kulipiwa, kodi ni ya dola 9, yaani senti 72. Pale duka linapoiongezea kuponi ya kiwanda thamani mara mbili, kwa mfano ya senti 75 ikahesabiwa dola 1.50, senti 75 za kwanza ni za kiwanda na zinabaki kwenye kodi. Za pili ni za duka na zinatoka. Na kuponi ya bure yenye kikomo cha dola 4 ikitumika kwenye bidhaa ya dola 4.79, mteja anadaiwa senti 79 zilizozidi pamoja na kodi ya bei nzima, senti 38: jumla dola 1.17 kwa kitu alichodhani ni cha bure.

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya kodi hii ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote: kwamba asilimia yoyote ya sifuri ni sifuri. Hesabu hiyo ni sahihi, ila imeanzia pasipostahili. Kodi haihesabiwi juu ya kile kilichotoka mfukoni mwa aliyebeba mfuko wa manunuzi; inahesabiwa juu ya kile muuzaji alichopokea kwa bidhaa ile. Mtu akimlipia mama yake friji, hakuna anayetegemea friji isitozwe kodi kwa kuwa mama hakutoa chochote. Malipo ya kadi ya zawadi uliyopewa na mwajiri nayo hutozwa kodi, ingawa fedha haikuwa yako. Tena hata kitu kilicho cha bure kabisa huwa hakikwepi kodi. Kampuni ikigawa sampuli mitaani bila kuponi na bila mauzo, wewe hudaiwi kitu, lakini katika majimbo mengi mgawaji mwenyewe anadaiwa kodi ya matumizi juu ya gharama ya bidhaa alizogawa. Anayetaka kushinda mjadala huu aiache sifuri.

Hoja ya pili ina uzito. Inasema: kwa mnunuzi, dola mbili ni dola mbili. Hakuna anayejali kama zimetoka kwa mwenye duka au kwa mwenye kiwanda, na kodi inayobeba jina la mauzo, lakini inalipwa na mlaji, ingepaswa kufuata kile mlaji alichotumia. Hii ndiyo njia ya Massachusetts na Texas, na haijavuruga makusanyo ya majimbo hayo. Wanaoipinga huonya juu ya ujanja: kampuni ya kiwanda na kampuni ya duka zilizo za tajiri mmoja zinaweza kuuza kitu cha dola 10 kwa dola 1, dola 9 zikipita kati yao kwa jina la kuponi, na jimbo likabaki na kodi ya dola moja. Kwa kampuni ndugu hatari hiyo ni ya kweli, kwa kuwa fedha inatoka mfuko wa kushoto kuingia wa kulia. Kwa kiwanda kisichohusiana na duka, hofu hiyo imetiwa chumvi. Hakuna mfanyabiashara atakayetoa dola 9 ili kuokoa senti 72 za kodi, tena kodi ambayo si yeye anayeilipa.

Hoja ya tatu haisikiki sana, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Inatoka kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, na kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ni rahisi kuifuata. Tarehe 24 Oktoba 1996, Mahakama ya Haki ya Ulaya kule Luxembourg iliamua kesi ya Elida Gibbs, mtengenezaji wa vipodozi wa Uingereza aliyekuwa akifidia kuponi zake. Mahakama ilisema mtengenezaji ana haki ya kupunguza thamani inayotozwa kodi kwa kiasi alichorudisha kupitia kuponi, kwa sababu mamlaka ya kodi haiwezi kukusanya zaidi ya kile mlaji wa mwisho alicholipa. Angalia jinsi hesabu inavyojifunga: mwenye duka anabaki na kodi ya bei nzima, kwa kuwa alipokea bei nzima; mtengenezaji anapunguza kodi yake ngazi moja juu; ukijumlisha mnyororo wote, kodi iliyoingia serikalini inalingana na fedha iliyotoka kwa mlaji. Kodi ya mauzo ya Marekani haina ngazi hizo. Kiwanda humuuzia mwenye duka bila kodi kwa kuwa bidhaa inakwenda kuuzwa tena, na mlango wa kodi ni mmoja tu, kaunta ya mwisho. Kiwanda hakina kodi ya kujirudishia. Hivyo kuponi ikishalipwa na kodi kutozwa juu ya bei nzima, hakuna pa kusawazisha, na mlaji hubaki amelipa kodi juu ya matumizi ambayo hakuyafanya. Anayetaka mabadiliko ya sheria aishike hoja hii. Haiwathibitishi Illinois au New York kuwa wavunja sheria, kwa sababu kodi yao inalenga mapokezi ya muuzaji, siyo matumizi ya mlaji. Inaonyesha tu kwamba Texas imefika, kwa njia fupi ya kupunguza kaunta, palepale Ulaya ilipofika kwa njia ndefu ya mnyororo.

Kwa hiyo kuna njia mbili zenye heshima: kutoza kilichopokelewa na muuzaji, au kutoza kilichotolewa na mlaji. Tatizo ni kwamba majimbo yanayodai kufuata njia ya kwanza hayaifuati hadi mwisho, na hapa ndipo lile sharti la utambulisho linaporudi. Chukua bei ya mwanachama inayobandikwa rafuni: bei ya kawaida dola 5.99, bei ya mwenye kadi ya duka dola 3.99. Mara nyingi zile dola mbili hazitoki kwa duka. Kiwanda kimekubaliana na duka kwamba kwa kila chupa itakayoskaniwa wiki ile kitamrudishia dola mbili. Duka limepokea dola 5.99, sawasawa kabisa na pale ambapo mteja angeleta kuponi ya kiwanda ya dola mbili. Lakini mteja hakuonyesha hati yoyote, na chini ya mkataba ule kadi inayotolewa kwa yeyote anayeiomba haihesabiwi kuwa uanachama wa kundi. Ikiwa risiti nayo haikutaja mtu wa tatu, kodi inahesabiwa juu ya 3.99. Kiwanda kilekile, dola mbili zilezile, duka lilelile, na kodi mbili tofauti. Kilichobadilika ni maandishi. New York imelitazama jambo hili kwa ukali zaidi: duka likitoa kuponi yake huku likifidiwa na kiwanda bila kumwambia mteja, mteja anatozwa kodi ya bei iliyopunguzwa tu, na duka ndilo linalodaiwa kodi ya fidia iliyofichwa. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu mzigo anaubeba aliyeficha.

Sasa weka simu katikati ya mambo haya. Kwenye karatasi mteja alikuwa na ushahidi mkononi: kuponi ilisema ni ya mtengenezaji, ilikuwa na maelekezo ya kumlipa muuza duka, na angeweza kuikadiria kodi yake akiwa bado nyumbani. Kwenye programu, ofa za kiwanda, ofa za duka na ofa za pamoja zimepangwa kwenye ukurasa mmoja, zina rangi moja na kitufe kimoja. Nyingi huonyesha asili yake, lakini baada ya kugusa mara mbili tatu kufungua masharti. Kwenye risiti zote zinaweza kutokea kama mstari mmoja wenye neno la akiba au punguzo. Mteja anayeona kodi kwenye punguzo moja na haioni kwenye punguzo la pili hana namna ya kujua kama ni sheria au kosa. Na makosa hutokea kweli. Kila ofa huingizwa kwenye mfumo wa kaunta ikiwa na alama inayoiambia mashine ipunguze bei kabla ya kodi au ihesabiwe kama malipo baada ya kodi. Ofa ya duka ikiwekewa alama ya malipo, wateja wote wa wiki hiyo wanatozwa zaidi. Ya kiwanda ikiwekewa alama ya punguzo, wateja wanatozwa pungufu, na wakaguzi wa jimbo wakija miaka miwili baadaye, mwenye duka analipa kwa faida yake. Duka dogo la jirani, lisilo na fundi wa mifumo, ndilo linaloumia zaidi.

Jambo hili limevuka sabuni. Simu ya bure ya kampuni za mawasiliano ni kuponi ya aina yake. California kwa miaka mingi imehesabu kodi ya simu inayouzwa pamoja na mkataba kwa bei yake kamili, siyo bei ya ofa, na hata pasipo kanuni hiyo, ofa nyingi za sasa hurudisha bei ya simu kidogo kidogo kwenye bili kwa miezi 24 au 36, yaani simu imeuzwa kwa bei nzima siku ya kwanza. Simu ya dola 800 kwa kiwango cha msingi cha California cha asilimia 7.25 ni dola 58 za kulipa papo hapo kwa kitu kilichotangazwa kuwa bure. Programu za kurudishiwa fedha baada ya kupiga picha risiti ziko vivyo hivyo: mauzo yamekamilika, kodi imelipwa kwa bei nzima, na kinachorudi baadaye hakiigusi kodi.

Kwa familia yenye kipato kidogo, zikiwamo nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi waliopewa makazi huko, senti hizi zina sura nyingine. Majimbo mengi hayatozi kodi ya jimbo kwenye vyakula vya kupikwa nyumbani, na Illinois iliondoa asilimia moja yake Januari 1, 2026. Sheria ya taifa nayo inakataza kutoza kodi ya mauzo juu ya chakula kinacholipiwa kwa SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula. Kwa hiyo kodi ya kuponi huangukia zaidi sabuni, shampuu, dawa ya meno na, katika majimbo kadhaa, pampasi. Kadi ya SNAP hainunui vitu hivyo wala hailipi kodi yake. Mama mwenye kuponi kumi za bidhaa za bure zenye wastani wa dola 5 kila moja, kwenye mji wa asilimia 8, anahitaji dola 4 taslimu au kwenye kadi ya benki. Asipokuwa nazo atarudisha bidhaa mbele ya foleni, kwa kitu alichohakikishiwa kuwa hakina gharama. Aibu hiyo ingeepukwa kwa maneno sita kwenye skrini ya programu: ofa ya kiwanda, kodi itatozwa kamili.

Hilo ndilo ningeyataka majimbo yadai, kabla hata ya kubishana kuhusu kufuata Texas au kubaki yalipo. Kila punguzo kwenye risiti liwe na alama ya aliyelilipa, D kwa duka na K kwa kiwanda au herufi nyingine watakazochagua, na pale duka lisipoandika, kodi ihesabiwe juu ya kilicholipwa na mteja, duka libebe tofauti kama New York inavyotaka. Data hiyo mfumo wa kaunta tayari unayo. Bila hiyo duka lisingeweza kudai fidia yake kiwandani. Inafichwa kwa mteja tu.

Hadi hapo itakapoandikwa, mnunuzi ana kazi ya kufanya. Kabla ya kuiweka ofa kwenye akaunti, afungue masharti yake na kutafuta kama imetajwa kuwa ya mtengenezaji. Aongeze kodi ya bei ya rafu kwa kila bidhaa ya kuponi ya kiwanda inayotozwa kodi mjini kwake, na aje na kiasi hicho. Akilipa taslimu asishangae jumla ikizungushwa hadi senti 5 iliyo karibu, kwani uchapaji wa sarafu ya senti moja ulikoma Novemba 2025 na maduka kadhaa yameanza kuzungusha. Kodi yenyewe huhesabiwa kwanza, kuzungusha hufuata. Akiona kodi kwenye kuponi ya duka, asigombane na keshia, ambaye hawezi kubadilisha alama za mfumo. Aende dawati la huduma kwa wateja na risiti pamoja na picha ya ofa ikionyesha kwamba ni ya duka, aombe kodi iliyozidi irudishwe. Kodi iliyotozwa kimakosa si mali ya duka: ama inarudi kwa mteja, ama inakwenda jimboni, na kwa kawaida jimbo litamtaka mteja aanzie kwa muuzaji. Picha ya ofa ipigwe kabla ya kwenda kaunta, kwa sababu programu nyingi huifuta ofa mara tu inapotumika.